Mrejesho: kumkaribisha mgeni kiti kwa Kitamil

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nimwambieje bibi mwenye nyumba aketi akija kwetu, hapa Chennai, India, wanakosema Kitamil, nilipomleta baba kwa matibabu. Mkanipa "vaanga, ukkaarunga", yaani karibu, keti.

Jana kaja. Nikafungua mlango, ulimi ukakauka, nikatoa "ukkaaru" kavu. Mjukuu wake akaangua kicheko! Kumbe hiyo ni ya mtoto au rafiki wa rika lako. Heshima yote imo kwenye ile "nga" ya mwisho, ndiyo hiyo hiyo ya kusemesha watu wengi. Ni kama mzee mmoja umwambie "kaeni". Nikarudia vizuri huku nikipangusa kiti cha plastiki kwa ncha ya kanga. Akatabasamu, "paravaayilla", yaani usijali, akabaki amesimama. Nilipomsihi tena ndipo akaketi, ndala kaziacha mlangoni.

Aliyenishauri "amarungal", nayo ni keti, asante, ila mjukuu anasema hiyo ni rasmi mno kwa nyumbani.

Kodi wala hakuitaja. Kaniuliza "saaptiingala?", umekula? Nikajibu "saapten", nimekula, na tumbo likanguruma hapo hapo.