Mjadala: Je, tubane viwango vya Linux vya kuchelewesha uandishi diskini kwa ajili ya hifadhidata ya PostgreSQL?

Mtoa mada:
Wakuu, ninaleta hoja kwamba viwango ambavyo Linux huja navyo haviifai seva ya hifadhidata yenye kumbukumbu (RAM) kubwa. Kwa kawaida vm.dirty_background_ratio ni 10 na vm.dirty_ratio ni 20: data iliyobadilishwa ikifikia asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, kerneli (kiini cha mfumo) huanza kuiandika diskini chinichini, na ikikaribia 20 huzilazimisha programu zinazoandika zisubiri. Palipo na GB 200, asilimia 10 ni GB 20, na diski inayoandika MB 500 kwa sekunde huhitaji sekunde 40 kuzimaliza. Ni kweli kwamba data iliyokaa sekunde 30 huandikwa hata kabla ya kiwango kufikiwa, lakini kwenye seva yenye shughuli nyingi sekunde 30 zinatosha kabisa kurundika mzigo. Chekipointi (wakati PostgreSQL inapohakikisha mabadiliko yote yamefika diskini) inapoita fsync, yaani amri ya kulazimisha uandishi, mzigo huo hushuka kwa mkupuo, na maombi yaliyokuwa yakijibiwa kwa milisekunde yanakwama. Napendekeza vm.dirty_background_bytes, yaani kiwango kilekile cha chinichini kikitajwa kwa baiti badala ya asilimia, iwe MB 256.

Mchangiaji:
Hesabu naikubali, dawa siikubali. Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, PostgreSQL ikiwa kwenye Linux huitaka kerneli ianze kuandika kila baada ya KB 256 wakati wa chekipointi, kupitia checkpoint_flush_after. Ukibana kerneli nayo, ukurasa (kipande cha data) unaobadilishwa mara kwa mara, ambao ungeandikwa diskini mara moja, utaandikwa mara nyingi.

Mtoa mada:
Hayo yanahusu chekipointi peke yake. backend_flush_after, mpangilio kama huo kwa michakato ya wateja, huja ikiwa 0, yaani umezimwa, kwa hiyo kurasa ambazo michakato ya wateja huziandika yenyewe shared_buffers (eneo la kumbukumbu la PostgreSQL yenyewe) inapojaa bado hurundikana, sawa na faili za muda na nakala rudufu ya pg_dump inayowekwa, kwa mazoea mabaya, kwenye diski ileile. Anayebisha atazame mistari ya Dirty na Writeback katika /proc/meminfo nakala hiyo inapoandikwa. Kuhusu kurasa kuandikwa mara nyingi uko sahihi, na ndiyo maana ningeongeza shared_buffers kwanza, ili ukurasa motomoto ubadilikie humo bila kufika kwa kerneli. Asije mtu akatetea kubana huku kwa kisingizio cha usalama wa data, kwani kwa mipangilio ya kawaida muamala hauthibitishwi kabla kumbukumbu zake za WAL (daftari la mabadiliko) hazijafika diskini.