Mdogo wangu anatumia unga na pombe, familia inataka kumfungia ndani. Naombeni ushauri

DadaWaMbagala
Habari za jioni wakuu. Mnivumilie nikirefusha.

Mdogo wangu ana miaka 27, ni fundi magari. Unga (heroini) alianza kuuvuta na bangi huko gereji, sasa anajidunga. Alama nimeziona mwenyewe. Alikuwa anakunywa pombe kali akikosa hela ya kete (kipakiti cha unga), siku hizi hata akiwa na kete bado anakunywa. Asipopata pombe asubuhi mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Jiko la gesi na simu ya mama vimeshauzwa.

Baba mdogo amekata shauri: apelekwe kijijini, afungiwe chumbani mpaka arosto (mateso ya mwili kukosa ulevi) iishe. Shangazi anataka soba, zile nyumba wanakokaa mateja mpaka waache. Mimi nimesikia habari za methadoni, dawa ya kliniki ya kutibu uteja wa unga, ila mtaani wanasema ni unga wa serikali, ukianza hutoki. Tushike lipi?

NesiWaZamu
Pole sana dada. Kilichonishtua ni hiyo mikono. Arosto ya unga inatesa: mifupa inauma, anaharisha, anatapika, miayo na makamasi hayaishi. Lakini mara chache sana inaua, hasa akipewa maji ya kutosha. Ya pombe ndiyo inayoua. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu akaanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, joto likapanda. Huko kijijini chumba kimefungwa kwa kufuli, nani atamwona?

Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa. Watampa dawa ya kutuliza kama diazepamu, wakiishusha kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Msimnunulie wenyewe duka la dawa. Diazepamu juu ya unga na pombe inazima pumzi.

FundiSeremala77
Mimi niko upande wa shangazi. Kaka yangu alitoka soba akiwa mtu mwingine, hadi leo hagusi. Methadoni ni kuhamisha uteja tu.

NakunywaDozi
Mkuu, namshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yako, soba zinasaidia watu. Ila hilo la kuhamisha uteja silikubali, maana mimi ndiye ninayekunywa.

Dada, methadoni ni dawa ya maji, unakunywa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na ni bure. Muhimbili walianza 2011, baadaye zikaja kliniki za Mwananyamala na Temeke, na sasa zipo mikoani pia. Unaanza na kipimo kidogo, kinapandishwa taratibu mpaka arosto ikuachie. Hupati stimu. Unachopata ni asubuhi ya kuamka bila kuwaza hela ya kete utaitoa wapi. Narudi kazini, nalipa kodi ya chumba, mwanangu yuko shule.

Ugumu upo, nisikufiche. Kila siku uende, mvua au jua, na nauli ni yako. Ni safari ya miaka. Wengi huacha kwa sababu ya nauli, kwa hiyo familia ikitaka kusaidia, ianzie hapo. Na haitibu pombe. Akifika amelewa watamzuia dozi, na wana haki.

NesiWaZamu
Naongezea kwa FundiSeremala77 na kwa baba mdogo. Mtu akikaa miezi bila unga, soba au kijijini, mwili unapoteza uzoefu. Akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, kinamuua. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari zaidi. Soba yoyote mtakayochagua, ulizeni kwanza kama ina daktari wa kumwangalia siku za arosto, na kama wanafunga watu minyororo au kuwapiga. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, ondokeni.

Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni bure, watawaelekeza kliniki iliyo karibu.

DadaWaMbagala
Nawashukuru sana. Nimemsomea baba mdogo hapa hapa, kanyamaza, kasema safari ya kijijini isubiri. Mdogo wangu mwenyewe amekubali hospitali, mradi niende naye. Niseme nini tukifika?

NesiWaZamu
Sema yote mawili, unga na pombe, na lini amekunywa mara ya mwisho. Msimkatishe pombe njiani ili aonekane msafi. Aombe vipimo vya VVU, homa ya ini na TB.

NakunywaDozi
Na akikutwa na TB, kliniki ya methadoni waambiwe siku hiyo hiyo. Dawa ya TB yenye rifampisini inapunguza nguvu ya methadoni, dozi lazima ipandishwe. Wengi wanarudi maskani kwenye unga hapo, wanadhani methadoni imegoma kumbe ni kipimo. Akianza Temeke mwambie asiogope foleni, wengi wetu tutampokea.