Mapunye ya mtoto hayasikii krimu, tatizo liko wapi?

mamawawili
Habari zenu. Mwanangu ana miaka 6, uzito kilo 19. Kichwani ana mabaka matatu ya mviringo, nywele zimekatikia usawa wa ngozi na kuna magamba meupe yanayowasha. Nimempaka krimu ya klotrimazoli asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Magamba yanapungua kisha yanarudi. Sasa ametoka mitoki nyuma ya shingo. Nibadilishe krimu? Na mdogo wake wa miaka 3, wanalala kitanda kimoja, naye apakwe?

dawa_na_dozi
Pole dada. Kubadilisha krimu hakutasaidia, kwa sababu hakuna krimu inayofika fangasi alipo. Kwenye mkono au tumbo fangasi hukaa tabaka la juu la ngozi, ndiyo maana choa cha mwilini hupona kwa kupaka. Kichwani huteremka hadi kwenye vitundu vya nywele na kuingia ndani ya unywele wenyewe. Unasafisha magamba ya juu, aliye chini anazalisha mengine. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza.

Zinazotumika sana ni mbili. Griseofulvini kwa watoto hutolewa miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 6 hadi 8. Kwa kilo 19, vidonge 3 vya miligramu 125 vinafanya 375, karibu kabisa na kiwango cha chini. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa yasiyoondolewa mafuta. Akimeza tumbo tupu, dawa nyingi hupita bila kuingia kwenye damu. Nadhani hili ndilo linaloharibu tiba nyingi kuliko usugu wa fangasi. Ya pili ni terbinafini: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 62.5 mara moja kwa siku, yaani robo ya kidonge cha 250, kwa kawaida wiki 4. Terbinafini inafaa zaidi kwa fangasi wa kundi la Trichophyton, griseofulvini kwa Microsporum. Kwa hiyo kama nyumbani kuna paka au mbwa aliyenyonyoka manyoya, mwambie daktari, kwani Microsporum canis hutoka kwao.

Hesabu hizi ni za kukusaidia kukagua cheti. Anayeandika dawa lazima amwone mtoto na aulize kuhusu ini na dawa nyingine anazotumia. Ukipewa ketokonazoli ya vidonge, uliza mbadala: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliibana kwa sababu ya madhara kwenye ini. Na usipake krimu zilizochanganywa na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho). Muwasho utatulia, fangasi ataendelea kusambaa.

maabara_kwanza
Nakubaliana na aliyetangulia. Kabla ya kidonge cha kwanza, omba kipimo. Sampuli nzuri ni magamba yaliyokwanguliwa ukingoni mwa baka pamoja na vishina vya nywele vilivyokatika. Unywele mrefu mzima hausaidii kitu. Siku hiyo asipakwe mafuta wala krimu. Kwa darubini majibu hupatikana siku hiyo hiyo, ila kuotesha fangasi ili kujua aina yake huchukua wiki 2 hadi 4. Dalili zikiwa wazi kama hizi (magamba, nywele kukatika, mitoki), tiba ianze bila kusubiri.

Akimulikwa kwa taa ya Wood (taa ya urujuanimno ya kuangalia ngozi) na baka lisiwake kijani, msirudi nyumbani mkidhani si fangasi. Microsporum wengi huwaka, Trichophyton wengi hawawaki. Baka lenye ngozi nyororo kabisa isiyo na magamba ndilo la kutiliwa shaka kuwa ni ugonjwa mwingine.

mamawawili
Asanteni sana. Baka moja leo limevimba, ni laini ukiligusa na linatoa usaha. Litumbuliwe?

dawa_na_dozi
Hapana, lisitumbuliwe wala kukamuliwa! Huo ni mwili unaopambana na fangasi kwa nguvu kupita kiasi. Mara nyingi usaha huo hauna bakteria, kwa hiyo antibiotiki peke yake haitatibu. Mpeleke kesho, maana uvimbe wa namna hii ukicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele tena. Tibeni fangasi, nao utashuka.

Jambo jingine linalowatisha wazazi: siku chache baada ya kuanza dawa, vipele vidogo vinavyowasha vinaweza kutoka masikioni, shingoni au kifuani. Mtoto akiwa mzima tu, mara nyingi ni mwili unavyoitikia fangasi, na dawa huendelea. Mwonyeshe daktari ahakikishe. Lakini uso ukivimba, akipata vidonda mdomoni, homa au kupumua kwa shida, acha dawa na umkimbize hospitali.

kinyozi_safi
Nijibu la mdogo wake. Watu wote wa nyumbani wakaguliwe vichwa, kwani mtu anaweza kubeba vijimbegu vya fangasi bila kuwa na baka. Waoshwe kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 au seleniamu sulfaidi mara mbili kwa wiki. Povu likae dakika 5 ndipo lisuuzwe. Shampuu hupunguza kuambukizana tu, haimtibu mgonjwa.

Kumnyoa kipara si lazima. Kila mmoja awe na chanuo, kofia na taulo lake. Machanuo ya plastiki yaoshwe kwanza kwa sabuni, kwa kuwa uchafu huimaliza nguvu klorini, kisha yalowekwe dakika 10 kwenye maji sehemu 10 na klorini ya kufulia sehemu 1. Meno ya mashine ya kunyolea yatashika kutu kwa klorini: yafungue, toa nywele zote kwa brashi, osha, kausha, ndipo utumie spiriti. Masanduku ya taa ya zambarau ya kusafishia vifaa saluni huua fangasi panapofikiwa na mwanga tu, na kijipande cha nywele kilichonasa katikati ya meno hakifikiwi.

maabara_kwanza
Nywele zikianza kuota wiki ya tatu, msiache dawa. Maliza dozi yote, kisha rudia sampuli. Fangasi akiwa bado yupo, daktari ataongeza muda au kubadilisha dawa. Shuleni anaweza kwenda mara tu tiba inapoanza.