Re: Unguja Agosti na watoto watatu, kuna la kujua kabla hatujalipa?

> Assalam alaykum jamaa. Mimi na baba watoto tunakwenda Unguja wiki mbili Agosti, watoto wana miaka 11, 8 na 4, wote wamezaliwa huku Uingereza. Tumepata nyumba Jambiani, kwenye picha bahari iko mlangoni kabisa. Kuna la kujua kabla hatujalipa?

Waalaykum salaam dada yangu,

Lipo, na ni hiyo hiyo bahari ya mlangoni. Sie mwaka juzi tulipanga nyumba huko huko Jambiani, ndege imetua alfajiri, saa tano asubuhi tushafika, watoto wameshuka kwenye gari wakakimbilia pwani hata mabegi hayajatolewa, mie nyuma yao, kufika hakuna maji. Mchanga mweupe mpaka macho yanauma, ngalawa zimelala ubavu, kina mama wameinama kwenye mwani wao, na bahari ni kamstari tu ka buluu kule mbali kwenye mwamba. Kitinda mimba wangu akaangua kilio, ananiuliza maji kayachukua nani. Saa kumi alasiri tukasikia mawimbi yanapiga ngazi ya nyumba, ngazi ya tatu kutoka chini, na wale watoto hatukuweza tena kuwatoa majini mpaka magharibi.

Kwa hiyo kabla hujalipa tazama mwezi. Pwani ya mashariki, yaani Bwejuu, Paje, Jambiani, chini ni tambarare mpaka kwenye mwamba, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa inafika kama mita nne, basi yakikupwa yanakwenda mbali kweli kweli. Siku hizo yanakuwa yamekupwa saa nne saa tano asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali hivyo. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo wiki yako ya kwanza na ya pili hazitafanana. Ukitaka watoto waoge karibu saa yoyote basi ni kaskazini, Nungwi au Kendwa, kule kina kipo karibu. Lakini Jambiani usiikatae dada, maji yakikupwa kuna mambo ya kuona siku nzima, ila wavae viatu vya majini kwa ajili ya yale madude meusi ya miiba, na msiende mbali bila mwenyeji kwa sababu maji yakirudi yanapitia kwenye mikondo, unaweza kutazama mbele kumbe nyuma yako kushajaa. Agosti pia ni msimu wa kusi, upepo mwingi upande huo, jioni mtoto wa miaka minne atataka sweta.

Sasa makaratasi. Kama mna pasipoti za Uingereza ni viza dola 50 kila mtu, hata kama kitovu chako kimezikwa Kikwajuni pale mjini Unguja, maana Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, inauma lakini ndivyo. Tena kuna bima ya Zanzibar ya lazima, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, mtu mzima dola 44, na bima yako ya safari ya huku haikusamehe hiyo, mnalipa zote mbili. Vyote fanyeni kwenye mtandao kabla ya safari na hakikisheni anwani inaishia go.tz, maana kuna kurasa zinafanana nazo zinakutoza mara mbili, shemeji yangu zilimpata. Na kama mnapitia Nairobi kumsalimia bibi siku mbili tatu, chukueni kadi ya homa ya manjano, wanaidai kwa anayetoka Kenya.

Malaria Unguja imepungua sana alhamdulillahi, lakini watoto wetu waliozaliwa huku hawana kinga yoyote, nakuomba usiwasikilize wanaosema mbona sie tulikua bila vidonge. Muone daktari wiki sita kabla. Na maji ya chupa hata ya kupigia mswaki kwa yule mdogo, na pakiti kadhaa za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, ziwe kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku.

Chaja ni zile zile za huku, pini tatu. Ila muulize mwenye nyumba, umeme ukikatika jenereta lipo na linawaka au lipo tu, sie tuliambiwa lipo, tukalala usiku mbili feni imesimama.

Jengine ambalo sikuliona muhimu mpaka nilipofika: wafundishe shikamoo kabla hamjapanda ndege. Siku ya kwanza bi mkubwa jirani kaja na sahani ya mkate wa kumimina, wangu wakamwambia "hi". Akawacheka kwa mapenzi, lakini mie niliona haya mpaka nikainamisha uso. Siku ya tatu walikuwa wanamkimbilia njiani, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, na yeye ndiye aliyekuwa akitwambia kila asubuhi maji leo yanajaa saa ngapi.

> Ahsante sana dada, Mungu akulipe. Nimetazama mwezi, siku tano za mwanzo zinaangukia bamvua! Baba watoto anauliza, akodi gari aendeshe mwenyewe au daladala zinatosha?

Basi anzeni Nungwi siku hizo tano halafu mhamie Jambiani maji yakiwa mafu, mtafaidi kote. Gari anaweza kuendesha, mkono ni ule ule wa kushoto, ila Zanzibar wanataka kibali chao mbali na leseni ya huku, mwenye gari ndiye humtafutia, na akishike mkononi kabla hajawasha gari kwa sababu vizuizi vya polisi njiani ni vingi. Siku ya kufika lakini asiendeshe, kuna usingizi wa ndege, na Nungwi ni mwendo wa saa moja na zaidi kutoka uwanjani. Chukueni teksi, kubalianeni bei kabla mabegi hayajaingia kwenye buti. Daladala pandeni siku mkienda mjini, watoto watapenda.