Mjadala: Chuo kikuu kifundishe biashara ya muziki na kuimba kwa maiki, ama ni kumaliza karo ya wazazi bure?

Mleta mada, Kondele
Watu wa Kisumu na magharibi yote, naomba tuongee hii kitu bila matusi. Mtoto wa dadangu amemaliza fomu foo, ana sauti, anataka kusomea muziki lakini si ule wa kusoma noti halafu unarudi kufundisha shule, yeye anataka kuimba na bendi na kujua vile pesa ya muziki hutembea. Shemeji amekataa kabisa, anasema hakuna mtu huenda chuo kikuu kufunzwa kuimba baa. Mimi nasema vyuo vya huku kwetu vinafaa kufundisha hayo mambo mawili, tena iwe digrii yenye mtihani, isiwe klabu ya Ijumaa jioni.

Sababu yangu ni ya uchungu kidogo. Niliwahi rekodi wimbo kwa studio moja hapa mjini, sitaitaja. Nilikuwa nadaiwa elfu nane ya kurekodi na sina, prodyusa akanipea karatasi ya ukurasa mmoja akaniambia weka sahihi tumalizane, nikaweka. Kumbe imeandikwa haki zote zimeenda kwake. Wimbo ukapigwa kwa matatu kila asubuhi, watu wananiimbia hapo steji, na mimi sina nauli ya kupanda hiyo matatu. Wakili alikuja kunionyesha baadaye kwamba sheria ya hakimiliki ya 2001 inataka haki zikiuzwa ziuzwe kwa maandishi, kumaanisha bila ile sahihi yangu prodyusa hangeweza kusema amenunua haki zangu. Nani alifaa anifunze hiyo kabla nishike kalamu?

Mzazi, Kakamega
Pole sana dada. Lakini hayo si yanafunzwa hata kwa siku moja? Kwa nini miaka minne? Mimi nimeuza ng'ombe juu ya karo, najua vile inauma. Wapigaji isukuti wa Idakho na Isukha hawakuona darasa la muziki na 2014 UNESCO ikaandika ngoma yao kwa orodha ya dunia. Talanta hutoka kwa Mungu.

Mleta mada
Mzazi, iangalie tena hiyo orodha. Isukuti iliwekwa kwa ile ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, juu wanaoijua wamezeeka na vijana hawaifuati. Talanta iko, kinachokosa ni njia ya kijana kula kwa hiyo talanta.

Na siku moja haitoshi, wacha nikupe mfano tu. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake, kuna utunzi, yaani maneno na sauti yake, halafu kuna ile rekodi yenyewe, na zinaweza kuwa za watu wawili tofauti. Halafu kuna vyama vya kukusanyia wasanii pesa za nyimbo zao, MCSK iliundwa 1983 ikiwa ya watunzi, PRISK ni ya waimbaji na wapigaji, KAMP ni ya wenye rekodi, sasa niambie ni wangapi hapa Kondele wanajua wajiandikishe wapi. Utunzi wako unalindwa mpaka miaka 50 baada ya wewe kufa, hiyo ni mali ya wajukuu kama shamba tu, na sisi tunaiuza elfu nane. Skiza nayo, ile nyimbo mtu husikia akikupigia simu kabla ushike, sheria ilibadilishwa 2022, mwenye wimbo asipate chini ya 52%, kampuni ya simu 39.5%, wa katikati 8.5%. Nimeona watu mwaka huu wanapewa mkataba unasema 30% na wanashukuru.

Mwalimu wa kwaya, Vihiga
Kwa biashara mimi sipingi. Kwa kuimba napinga. Pumzi ni pumzi. Mtoto aliyeshika msingi wa kwaya ataimba chochote, lakini ukianza na maiki na mtindo wa redio unatoa mtu anayelia kwa pua na hawezi kusoma hata mstari mmoja wa noti.

Mwimba ohangla, Ahero
Mwalimu nakuheshimu sana, mimi pia nilianzia kwaya ya kanisa. Lakini kwaya ilinifunza kujaza kanisa bila maiki. Halafu nikaanza kuimba ohangla, ngoma yetu ya Waluo, matangani, saa tatu usiku mpaka jogoo awike, vumbi, moshi, ngoma ziko hapa mgongoni na spika ya kujisikia haiko, kwa hivyo unapaza sauti ya kifua ndio ujiskie. Mwaka wa saba nikaota vinundu kwa nyuzi za sauti. Daktari alininyamazisha wiki nne, naongea na mke wangu kwa kuandika. Hakuna mtu alikuwa ameniambia maiki ni chombo cha kupumzisha sauti, kwamba ukijua kuisogelea na kuiachilia hauhitaji kupiga kelele. Hiyo ni elimu kama ile yako mwalimu, tofauti ni haijapewa darasa.

Mpiga gitaa, Nyalenda
Na nani atafundisha? Chuo kinataka lekchara mwenye masters. Gitaa la benga, muziki wetu wa huku, lilitoka kwa vidole vya nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, na D.O. Misiani aliyeipeleka benga mbali hakuingia na vyeti. Angekuwa hai leo wangemwandika kazi?

Mleta mada
Hapo umegusa, na sina jibu lote. Chuo kikuu cha Maseno wako na idara ya muziki tayari, hatuanzi kwa jangwa. Berklee, chuo cha muziki kule Boston, Marekani, ilianza 1945 ikifundisha jazi wakati shule zingine zilikuwa zinaona hiyo ni muziki ya vilabu vya usiku, na mpaka leo wana digrii ya biashara ya muziki. Kwa maoni yangu wenye masters wafundishe sheria na hesabu, na mafundi kama huyu ndugu wa Ahero waingie darasani walipwe kwa saa, wasiitwe tu siku ya sherehe kupiga ngoma mgeni akikata utepe.

Mwalimu wa kwaya, Vihiga
Huyo wa Ahero amenifikirisha. Wafunze maiki, sawa, lakini pumzi mwaka wa kwanza, hapo sitoki.

Mleta mada
Nimekubali mwalimu. Na muhula huo huo wa kwanza wasome mikataba ya kweli, mstari kwa mstari. Wenye mlitia sahihi kitu, futeni majina mniletee kopi, nipeleke zote kwa idara ya Maseno pamoja na barua ya kuomba hiyo digrii. Yangu nimeshapiga kopi.