Vipindi vya kuishi porini: ni kweli au maigizo?

Mwenyeji wa Ngamiani, Tanga:
Assalam aleikum, ndugu zangu. Barazani kwetu tunapenda kutazama vipindi vya watu wanaoachwa porini na kisu tu, na mzee wetu mmoja, mvuvi wa siku nyingi, hucheka kila anapomwona mtu analia njaa kando ya mikoko. Je, tunayoonyeshwa ni ya kweli?

Jibu, kutoka Pangani:
Waalaikum salaam. Mwaka 2007 ilibainika nchini Uingereza kwamba Bear Grylls, mtangazaji maarufu wa vipindi hivi, alilala hotelini baadhi ya usiku ambao watazamaji walidhani yuko porini, na baadaye vipindi vyake vikawekewa maelezo kwamba baadhi ya hali huandaliwa. Kuwa na waokoaji karibu si kosa, kwani nani atamwacha mwenziwe afe? Kosa ni kuficha.

Jibu, kutoka Muheza:
Tusiwaweke wote kapu moja. Les Stroud wa Kanada, mtangazaji mwingine wa vipindi hivi, alijirekodi mwenyewe, kwa hiyo kila unapomwona akitokomea mbali, ujue alirudi kuifuata kamera yake, kazi ambayo nayo humaliza nguvu. Katika Alone, shindano la televisheni la kuishi porini peke yako lililoanza mwaka 2015, washiriki hujirekodi pia, na aliyekonda kupita kiasi huondolewa na madaktari. Chumvi huongezwa na mhariri, anayechagua dakika chache katika saa nyingi.

Jibu, kutoka Kigombe:
Mzee asicheke sana. Maji yakijaa, hata sisi wenyeji hutoka mikokoni mikono mitupu.