Re: Kuja nyumbani mwisho wa Machi na watoto, hali ya hewa ikoje jamani?

Kutoka: Dada wa Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba mawazo yenu. Inshallah twaja Mombasa shule zikifungwa huku, yaani mwisho wa Machi mpaka katikati ya Aprili, mimi na mume wangu na mtoto wa miaka sita na mdogo ambaye hata mwaka hajatimiza. Huku baridi ndio yaanza kulegea, jua likitoka na nyuzi 12 watu washavua majaketi wamejaa bustanini. Sasa mume wangu, yeye kazaliwa huku, kaangalia simu kaona Mombasa 32 kaniambia si kitu, Ugiriki mwezi wa Agosti ilikuwa 35 na watoto walicheza tu. Mimi niliondoka mdogo, nakumbuka joto lakini sikumbuki lilikuwa vipi hasa. Halafu apu yaonyesha radi na mvua siku kumi mfululizo, sijui tuahirishe ama tuje hivyo hivyo. Tuna nyumba mbili za kuchagua, kwa mama Kibokoni ama fleti ya kukodi Nyali. Na la mwisho, fundi wa Mtwapa ataka kumwaga slebu Aprili ili tuwepo tuone kwa macho yetu. Mwasemaje?

Kutoka: Kaka wa Muscat

Waaleikum salaam dadangu. Sisi huku Machi ndio raha yetu ya mwisho kabla jua halijaanza kuchoma, kwa hiyo nawaelewa mnaotoka kwenye baridi mkaona 32 mkafurahi. Lakini mwambie shemeji 32 ya Mombasa asiilinganishe na ya kwengine. Namwachia ami wa Kibokoni, yeye kafanya kazi baharini umri wake wote, ajua zaidi yetu sote humu.

Kutoka: Ami wa Kibokoni

Marahaba wanangu.

Njooni, wala msiahirishe safari kwa ajili ya vipicha vya radi kwenye simu. Ila mjue mwaja wakati gani. Mwisho wa Machi kwetu ni tanga mbili. Kaskazi iliyovuma tangu Desemba yaisha nguvu, kusi bado haijashika, leo upepo watoka huku kesho watoka kule, na kuna siku hautoki popote, bahari imelala kama mafuta na bendera za vyombo bandarini zimeshikamana na mlingoti. Kwa safari ya mashua ni wakati mzuri sana, mkitaka kuwapeleka watoto visiwa vya Wasini na Kisite basi ndio huo kabla kusi haijaanza kuyachafua maji. Lakini kwa mtu aliye ndani ya nyumba, huo ndio wakati mzito kuliko wote katika mwaka, na si kwa sababu ya nyuzi. Nyuzi ni 32 ama 33 mchana, kupita hapo ni nadra. Uzito waja kwa sababu upepo hakuna.

Na jua nalo mlitie kwenye hesabu. Sisi tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua likiwa larudi kaskazini lapita juu ya utosi wetu mnamo tarehe 10 Machi, siku kumi hivi kabla ya kuifikia ikweta yenyewe. Siku hizo ukisimama uani saa sita na nusu mchana, kivuli chako chote kiko chini ya nyayo zako. Mkifika nyinyi litakuwa limesogea lakini si sana, na ngozi ya mtoto iliyokaa miezi sita chini ya mawingu ya Uingereza haina mazoea nalo. Pwani muende asubuhi kabla ya saa nne ama jioni baada ya saa kumi, hapo katikati watoto wakae kivulini. Bahari pia imepashwa moto miezi yote hiyo ya kaskazi, maji yafika karibu nyuzi 29, na ndio maana usiku hapa haupoi, 24 au 25 basi, hewa ni ile ile ya mchana ila bila jua.

Sasa shemeji wetu anisikize vizuri hapa. Ile 35 ya Ugiriki mara nyingi ni hewa kavu, jasho likitoka lakauka, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Hapa hewa imeshashiba maji, jasho latiririka tu, shati lalowa na mwili bado wawaka. Tena asidanganywe na asilimia. Ataangalia unyevu wa Leicester mwezi wa Machi aone asilimia 80, ataangalia Mombasa aone 75 ama 80, atasema basi ni mamoja. Si mamoja hata kidogo, kwa sababu hewa ya moto yabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Asilimia 80 kwa nyuzi 8 ni kama gramu 6 na nusu za maji katika kila mita ya ujazo ya hewa, na asilimia 80 kwa nyuzi 30 ni gramu 24, karibu mara nne. Kama wataka namba moja tu ya kutazama kwenye simu basi tazama nyuzi ya umande, yaani hewa ikipoa mpaka wapi ndio maji yaanza kujitoa. Ikiwa 15 mtu hahisi kitu, ikipita 20 waanza kuona uzito, na hapa kwetu Machi yazunguka 24, 25, mchana na usiku. Hiyo ndiyo itakayowaambia mtalala vipi, hiyo 32 haitawaambia.

Kuhusu nyumba, hilo ndilo kubwa na watu wa nje wengi hawalifikirii, waangalia picha za fenicha tu. Nyumba ya mamako ya Kibokoni ni ya mawe na chokaa, kuta nene, dari juu, mchana ukiingia kutoka barabarani wahisi tofauti papo hapo. Ila kuta hizo zikishika joto haziliachii haraka, usiku chumba cha chini chaweza kuwa kizito kuliko nje, kwa hivyo mlale juu ambako madirisha yapata upepo wa bahari, hata ukiwa mdogo. Fleti ya Nyali nayo uliza kabla ya kulipa: iko ghorofa ya ngapi, madirisha yatazama wapi, na je yako pande mbili upepo upate kupenya? Fleti yenye vioo vikubwa vya upande mmoja tu vinavyotazama machweo ni tanuri, na ukitegemea esi peke yake stima ikikatika saa nane za usiku na mtoto mchanga mtateseka bure. Nunueni feni ya kuchaji mkifika, Mwembe Tayari zipo. Mimi ningekaa kwa mama. Na mtoto apate kukaa na nyanyake pia, hilo nalo si dogo.

Mvua sasa. Mwezi wa Februari ndio mkavu kuliko yote hapa Mombasa, wastani ni kama milimita 14 mwezi mzima. Machi yapanda ikafika 55 hivi, na nyingi ya hizo zaja mwishoni. Aprili ni kama 150, na Mei ndio mvua ya mwaka yenyewe, karibu 250. Kwa hiyo nyinyi mtakuwa mlangoni tu mwa masika. Na mvua yetu haikai siku nzima inadondoka kidogo kidogo kama ya huko kwenu, mara nyingi yapiga alfajiri ama asubuhi, kwa nguvu, saa moja mbili, halafu jua latoka na ardhi yafuka mvuke. Simu ikiona uwezekano wa wingu moja la radi katika saa ishirini na nne yaweka picha ya radi siku nzima, na miezi hii uwezekano huo upo karibu kila siku. Haimaanishi mtakaa ndani.

Idara yetu ya hali ya hewa hutoa mtazamo wa Machi mpaka Mei kabla msimu haujaanza, na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu kilicho karibu na Nairobi, nao hutoa wa nchi zote za pembe hii ya Afrika. Usomeni, lakini mjue kuusoma. Wao hugawa historia ya mvua mafungu matatu, chini ya kawaida, kawaida, na juu ya kawaida, na kama hakuna wanalolijua kila fungu lingepata thuluthi. Sasa tuseme wakiandika asilimia 45 kwa juu ya kawaida, watu mitandaoni wasema mafuriko yaja, kumbe bado kuna asilimia 55 kwamba haitakuwa hivyo. Tena masika ni magumu kutabiri kuliko vuli. Vuli yafuata sana hali ya Bahari Hindi na El Niño, zaonekana mapema, lakini masika yategemea zaidi mambo yanayobadilika wiki kwa wiki, mawingu yale makubwa yanayosafiri kutoka magharibi ya Bahari Hindi kwenda mashariki. Kwa hiyo mtazamo wa msimu ni wa kupanga, na utabiri wa siku tano ndio wa kuamua. Wala msipuuze onyo likitolewa. Mwaka 2024 masika yalianza watu wakiyaona ya kawaida, kufika mwisho wa Aprili nchi ilikuwa imefurika na zaidi ya watu 200 wakafa, na mwanzo wa Mei kikaja kimbunga Hidaya kikapiga Mafia kule Tanzania na wavuvi wa pwani yote hii wakaambiwa wasitoke.

Kusi ikishika, mtajua wenyewe. Usiku mmoja tu dirisha lafunguka kwa upepo na watu wote mtaani walala. Mwaweza kuibahatisha kabla hamjaondoka.

Kutoka: Muuguzi wa Toronto

Ami asante sana, nimemsomea mume wangu yote. Dada, mimi naongeza ya afya na tafadhali usiyaone ni ya kutisha.

Kwanza malaria. Wewe ulikua Mombasa lakini ile kinga uliyokuwa nayo imeshapungua sana, na watoto wako hawajawahi kuwa nayo. Wengi wanaopatikana na malaria Uingereza ni watu kama sisi, waliokwenda kuona jamaa Afrika, kwa sababu mtu asema naenda nyumbani, dawa za nini? Muone daktari wiki kadhaa kabla, mueleze uzito wa kila mtoto, manake dozi hufuata uzito. Na mkirudi, homa yoyote hata baada ya miezi, sema mara moja kwamba mlikuwa Kenya.

Pili dengi. Mombasa imepata milipuko ya dengi, na mwisho wa 2017 kuingia 2018 ikawa chikungunya, homa nyingine ya mbu. Mbu wake huuma mchana, na huzaa kwenye maji safi yaliyosimama, yaani mapipa na mitungi ile ile tunayohifadhia maji kwa sababu mifereji haitoki kila siku. Mkifika kwa mama funikeni kila pipa. Mtu akipata homa na kuumwa nyuma ya macho na viungo, apewe panadoli, asipewe aspirini wala brufeni mpaka apimwe, kwa sababu ya damu.

La tatu watu hulisahau. Angalia pakiti za dawa zenu, nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na ami kashasema hata usiku ni 24 au 25 basi, mchana yapita hapo. Kama kuna mtu wa insulini ama dawa za kuweka machoni uliza duka la dawa kabla ya safari, na mfuko wa dawa usiuache ndani ya gari hata dakika kumi. Mdogo atapata harara shingoni na mapajani, hilo karibu lazima. Maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kwa siku, mkaushe taratibu, pamba nyepesi ama bila nguo kabisa, usimpake mafuta mazito. Na anyonye mara nyingi zaidi kuliko huko, nepi zikipungua kulowa hiyo ndiyo dalili ya kuangalia.

Kutoka: Dada wa Leicester

Jamani nashukuru mpaka sijui niseme nini. Mume wangu kasoma ile ya gramu akanyamaza, kisha kaniuliza feni za kuchaji zauzwa pesa ngapi! Tutakaa kwa mama. Ami umenisahau kwenye slebu.

Kutoka: Ami wa Kibokoni

Sikukusahau mwanangu, nilikwenda kumuuliza jirani yangu ambaye ni fundi.

Aprili yawezekana, ila muangalie utabiri wa siku tano, mmwage siku ambayo asubuhi ni kavu, na turubai ziwe pale pale juu ya kifusi, si ati zafuatwa dukani mvua ikianza. Mvua ikipiga simiti bado mbichi yaosha juu yote na slebu yabaki dhaifu. Ikishashika, hapo maji ni rafiki, lazima imwagiliwe siku saba angalau, manake jua hili na upepo ukirudi vyaikausha haraka ikapasuka. Mifuko ya simiti isikae sakafuni, iwekwe juu ya mbao na ifunikwe, kwa unyevu huu yashika mabonge ndani ya wiki chache. La muhimu kuliko yote, uliza maji ya kukorogea yatoka wapi. Visima vingi vya upande huo vina chumvi, na chumvi ndani ya zege yala vyuma polepole mpaka miaka baadaye slebu yaanza kumeguka. Nunueni bauza la maji matamu siku hiyo, na mchanga usiwe wa pwani. Kama barabara ya kufika kwenye ploti ni ya udongo basi mawe na kokoto vipelekwe Machi hii hii, lori likikwama huko Aprili hakuna wa kulitoa.

Nitumie tarehe fundi akikupa, nitaangalia upepo kuanzia wiki moja kabla na nitakupigia.